Tangambili, Vimbunga na Maji ya Wadi

Kila ukikaribia mwezi wa Mei, na tena mwezi wa Oktoba, simu za jamaa zetu wa Ghuba hujaa sauti. Moja imetoka kwa shemeji aliyeko Sohar, nyingine kwa mjukuu aliyeko Abu Dhabi, na ya tatu haijulikani imeanzia kwa nani, imepita mikono hamsini hata ikatufikia. Zote husema mamoja: kimbunga kinakuja, kikubwa kuliko Gonu, nunueni mikate. Mara nyingi hakifiki. Ndipo watu huzoea kupuuza, na hapo ndipo penye hatari, maana kile kitakachofika kweli nacho kitatanguliwa na sauti zilezile.

Mimi si mtaalamu wa hali ya hewa. Nilikuwa karani, miaka mingi bandarini, na kazi ya karani ni kuandika namba mahali pake. Lakini katika shule ya misheni niliyosoma palikuwa na kipimo cha mvua, kopo la shaba lililofukiwa nusu uwanjani, na kila siku saa tatu asubuhi mwanafunzi wa zamu alipima maji yaliyomo na kuandika katika daftari. Siku isiyo na mvua aliandika sifuri. Padre aliyetufundisha jiografia hakukubali nafasi tupu. Tabia ile haikuniacha mpaka leo, na kwa ajili hiyo napenda tulitazame jambo hili kwa namba na kwa sababu zake, tuiweke hofu pembeni kidogo.

Tuanze na hewa yenyewe. Hewa ina uzito. Chumba cha kulala cha mita nne kwa nne, chenye dari la mita tatu, kina hewa ya karibu kilo 58, yaani zaidi ya gunia la mchele la kilo 50. Hewa yote iliyo juu yetu hutugandamiza, na mgandamizo huo haulingani kila mahali. Jua likipasha moto mahali fulani, hewa ya pale hutanuka, huwa nyepesi na kupanda juu. Mgandamizo hupungua chini yake, na hewa nzito ya jirani hukimbilia kuijaza nafasi ile. Mbio hizo ndizo upepo. Mvuvi wa ngalawa aliyetoka alfajiri na umande wa nchi kavu, akarudi mchana na upepo wa baharini, alikuwa akiitumia kanuni hii bila kuisoma popote: usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, na mchana hupata moto upesi kuliko bahari.

Sasa likuze jambo hilo liwe kubwa kama bara zima. Miezi ya joto, India, Uajemi na Arabuni huwa kama tanuri, na hewa huvutwa kutoka kusini ya Bahari ya Hindi. Huo ndio kusi. Miezi ya baridi bara la Asia hupoa, na hewa hurudi njia iliyojia. Huo ndio kaskazi, uliozileta jahazi za Sur na Maskati mpaka Unguja na Lamu kati ya Disemba na Machi, zikangoja kusi kuwarudisha makwao. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wapo duniani kwa sababu ya pepo mbili hizo, kwa hiyo sina haja ya kuzieleza sana.

Ila kuna jambo moja ambalo nimeona vijana wengi hawalijui. Khareef ya Salalah, ile wanayoifuata kwa magari kila Julai, ni kusi yetu ileile. Upepo ukishavuka ikweta hupindwa na mzunguko wa dunia, ukaingia Dhofar ukitokea kusini-magharibi. Unavuma kwa nguvu mno hata husukuma maji ya juu ya bahari yaondoke ufukweni, na maji ya baridi hupanda kutoka chini kushika nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji hayo hupoa na kuwa ukungu na manyunyu. Lakini juu ya ukungu huo imetanda hewa kavu na ya moto kutoka jangwani, imekaa kama kifuniko cha sufuria. Mawingu hayawezi kupanda. Ndiyo maana khareef hunyesha rasharasha wiki kwa wiki, milima ikawa kijani kama Pemba, wala radi usiisikie.

Hapo ndipo ufunguo ulipo. Mvua ya hatari huhitaji hewa ipande juu sana. Hewa ikipanda hupoa, karibu digrii sita na nusu kwa kila kilomita, na hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi. Mvuke hugeuka matone. Na mvuke ukigeuka maji hutoa joto, lilelile joto lililotumika kuyafukiza maji kutoka baharini. Joto hilo huipasha hewa iliyopanda, nayo hupanda zaidi, ikavuta nyingine chini yake. Wingu la radi ni moto unaojichochea wenyewe, na kuni zake ni mvuke wa maji.

Kimbunga cha bahari ni moto huohuo uliopata tanuri kubwa. Huhitaji bahari yenye joto la kama digrii 27 hivi, tena joto hilo lizame mita kadhaa wa kadhaa chini, lisiwe la juu tu. Huhitaji mzunguko wa dunia uyapindishe maji na hewa, na ndiyo sababu hakizaliwi kwenye ikweta yenyewe, ambako mpindo huo haupo. Upande wetu wa kaskazini ya ikweta huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Upande wa Unguja na Msumbiji huzunguka kufuata mishale ya saa. Na sharti la tatu, ambalo husahauliwa, ni kwamba upepo wa chini na upepo wa juu angani usipishane sana. Ukipishana, mnara wa mawingu hukatwa kichwa kabla haujasimama.

Sasa rudi kwenye kalenda ya wazee. Wakati wa kusi, upepo wa chini katika Bahari ya Arabu huvuma kwa nguvu ukielekea upande mmoja na wa juu ukielekea upande mwingine, tena bahari ya Arabuni imepozwa. Kimbunga hakipati nafasi. Wakati wa kaskazi bahari imepoa na hewa ni kavu. Nafasi hubaki katikati, kusi ikiwa haijashika na kaskazi imelegea, au kusi imekwisha na kaskazi haijaingia. Bahari imepata jua, pepo zimetulia, anga limeachwa wazi. Mabaharia wetu waliuita wakati huo tangambili, na wengine maleleji, kwa kuwa upepo haueleweki utokako. Waliuogopa kwa sababu ya chombo kukwama au kupigwa ghafla. Vimbunga vya Bahari ya Arabu huja zaidi Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba. Ni tangambili zile mbili, moja baada ya nyingine.

Tazameni tarehe zenyewe. Gonu kilifika Oman mwanzoni mwa Juni 2007. Phet, Juni 2010. Mekunu kilipiga karibu na Salalah usiku wa 25 Mei 2018. Shaheen kiliingia Batinah tarehe 3 Oktoba 2021. Na kile kimbunga cha zamani kilichoipiga Maskati na kuua watu kwa mamia kilikuwa cha Juni 1890.

Upande wa pili wa ikweta msimu wao ni mwingine, kuanzia Novemba mpaka Aprili, na vimbunga vingi huelekea Madagaska, Morisi na Msumbiji. Unguja iko digrii sita tu kutoka ikweta, na Pemba tano, ndiyo maana sisi tulikua bila kulijua neno kimbunga isipokuwa kwa hadithi. Lakini hadithi ile ilikuwa ya kweli. Tarehe 15 Aprili 1872, Sayyid Barghash akiwa na mwaka mmoja na nusu tu kwenye kiti cha enzi, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha meli zake bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba ilinusurika. Tangu hapo karafuu nyingi zikawa za Pemba, na familia zilizohamia huko kutafuta mashamba zimo pia miongoni mwetu hapa Ghuba. Bibi akikwambia asili yenu ni Pemba kwa sababu ya karafuu, basi huenda asili yenu ni ya upepo wa siku moja. Lindi nayo ilipigwa Aprili 1952, na tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kiliingia Mafia. Kwa hiyo jamaa walioko nyumbani wasidanganyike kwamba bahari yao imepewa kinga.

Nikiulizwa ni kipi cha kuogopa zaidi katika kimbunga, wengi hutarajia niseme upepo. Upepo una haki yake ya kuogopwa, kwani ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Lakini kimbunga kikigusa nchi kavu hukatiwa kuni zake, na upepo hufifia katika siku moja au mbili. Maji hayafifii. Gonu kikiwa katikati ya bahari kilikadiriwa kuwa na upepo wa kilomita 240 kwa saa, na wakati ule hakikuwa kimeandikwa chenye nguvu kama hicho katika Bahari ya Arabu. Kilipofika Ras al-Hadd kilikuwa kimepungua sana. Hata hivyo watu wapatao 50 walikufa Oman, na Qurm na Quriyat wakaona maji ambayo wenyeji wa umri wangu hawakuwahi kuyaona. Mawingu yalikuwa yamegonga jabali. Milima ya Hajar husimama kama ukuta, mingine karibu mita 3,000, na hewa yote yenye mvuke wa bahari ikifika hapo haina pa kwenda ila juu. Tumeshaona hewa ikipanda hufanya nini. Kisha, baada ya mafuriko, mitambo ya kusafisha maji ya bahari ilisimama, na watu waliokuwa wakikwangua matope sebuleni wakapanga foleni na ndoo kwa ajili ya maji ya kunywa. Hilo liwekeni akilini mnapokimbilia mikate.

Hapa naomba mnivumilie na hesabu, kwa sababu hesabu hii ndiyo inayookoa watu.

Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ni kidogo, hata mtoto huweza kuinywa. Maskati kwa mwaka mzima hupata kama milimita 100, wakati Unguja hupata zaidi ya 1,500. Mtu aliyezaliwa Unguja akisikia milimita 50 hucheka; hiyo ni asubuhi moja ya masika, watoto wanakwenda chuoni na miavuli. Lakini Unguja udongo hunywa, mizizi hunywa, na mawe ya matumbawe yana matundu. Jabali la Hajar halinywi. Mvua ikianguka pale ni kama kumimina maji juu ya meza. Chukua bonde moja la milima lenye eneo la kilomita 100 za mraba, ambalo huku ni la kawaida tu, linyeshewe milimita 50. Hizo ni tani milioni tano za maji. Ukizipakia katika malori ya tani 20 unahitaji malori 250,000, nayo yote lazima yapite katika mlango mmoja mwembamba, uliokuwa mkavu asubuhi watu wakipika ndani yake nyama ya kuchoma. Hiyo ndiyo wadi.

Na zile ni milimita 50 tu. Mekunu kiliinyeshea Salalah milimita 278 kwa siku moja. Shaheen kiliimwagia al-Khaburah milimita 369, mvua ya miaka mitatu na zaidi.

Tena mvua inayoijaza wadi si lazima ikunyeshee wewe. Miezi ya kiangazi, bila kimbunga chochote, jua hupasha milima na upepo wa baharini huleta unyevu kutoka pande zote, na ikifika alasiri mawingu husimama juu ya Hajar kama minara. Wenyeji huita mvua hizo rawaih. Wewe uko bondeni kilomita 30 mbali, jua linawaka, watoto wanaogelea. Mvua imekwisha kunyesha huko juu, nawe hukusikia hata ngurumo. Maji huja baadaye, na hayaji yakipanda polepole kama bahari inavyojaa. Huja kama ukuta, yamebeba mawe na magogo. Mto ukigeuka rangi ghafla, ukaanza kubeba majani na takataka, au ukasikia mvumo usioujua, usirudi kuchukua mkeka wala birika. Panda juu, palepale ulipo, na usikimbie kuifuata wadi kwa chini.

Lililobaki ni gari. Nimewasikia wanaume wazima, wenye akili zao, wakisema gari langu ni zito, lina tani mbili. Uzito si hoja. Gari la kawaida chini yake lina eneo la karibu mita saba au nane za mraba. Kila sentimita 10 za maji zinazopanda juu ya sakafu yake, maji yakiwa bado hayajaingia ndani, huliinua kwa nguvu ya zaidi ya kilo 700. Gari la tani moja na nusu likizamishwa sentimita 20 juu ya sakafu huanza kuelea, na matairi yakishaacha kushika barabara, usukani ni pambo. Hapo maji hayahitaji kulipindua, yanalisukuma tu hadi ukingoni. Maji ya kina cha sentimita 60, yaani chini ya kiuno cha mtu mzima, huchukua karibu gari lolote mnaloliona barabarani, pamoja na yale makubwa ambayo vijana huyanunua kwa ajili ya wadi. Na barabara iliyo chini ya maji ya matope huenda haipo tena, maji yameshaichimba.

Oman kuvuka wadi inayotiririka ni kosa la sheria, watu hukamatwa. Sheria hiyo haikuwekwa kwa ukali bure. Mwezi wa Aprili 2024, katika wilaya ya al-Mudhaibi, wanafunzi kadhaa waliokuwa ndani ya gari walichukuliwa na maji. Hawakukosea kitu, walikuwa wamepandishwa na mtu mzima. Siku mbili baadaye mfumo huohuo wa mvua uliifunika Imarati, na kituo cha Khatm al-Shakla, karibu na al-Ain, kikapima milimita 254.8 katika muda usiofika saa 24, ambayo ni nyingi kuliko zote tangu vipimo vianze kuandikwa mwaka 1949. Uwanja wa ndege wa Dubai ukawa ziwa.

Kile hakikuwa kimbunga. Kilikuwa kundi kubwa la mawingu ya radi, lililoletwa na hewa baridi ya juu iliyoteremka kutoka kaskazini ikakuta unyevu mwingi kutoka bahari zenye joto. Nalitaja kwa sababu sauti za simu zilisema kwamba Waimarati wamejiletea wenyewe kwa kunyunyizia mawingu chumvi kwa ndege. Kituo chao cha hali ya hewa kilikanusha kuwa ndege zilirushwa wakati wa dhoruba ile. Na hata ungeamini zilirushwa, kazi ile huweza kukamua kidogo zaidi wingu lililokwisha kuwepo. Haiwezi kuleta mvuke wa kufunika nchi mbili, na watabiri walikuwa wameshaitabiri mvua ile siku kadhaa kabla. Jambo lenye uzito zaidi ni hili: hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Bahari ya Arabu imeongezeka joto. Kuni zimeongezwa jikoni, na hilo halihitaji ndege.

Kuhusu radi nitasema haraka, kwani si kubwa kama maji. Ukiona mwako, hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawanya kwa tatu, utapata kilomita. Ukisikia ngurumo yoyote uko karibu vya kutosha kupigwa. Nyumba ni pazuri, ndani ya gari lililofungwa pia, chini ya mti peke yake ni pabaya, na baharini ni pabaya zaidi.

Kuhusu tahadhari, sikilizeni mamlaka ya hali ya hewa ya nchi mliyomo, na mtazame tarehe na saa ya tangazo kabla ya kulituma kwa wengine. Njia ya kimbunga huchorwa kama koni inayopanuka, kwa sababu kadiri siku zinavyokuwa mbele ndivyo wasivyoweza kujua kitapita wapi hasa. Watu hutazama mstari wa katikati wakasema hautupiti sisi. Kimbunga si mstari. Mvua yake hufika kilomita mamia kutoka kwenye jicho. Shaheen chenyewe kilitokana na mabaki ya kimbunga Gulab, kilichoingia India kutoka Ghuba ya Bengali, kikavuka nchi nzima kikiwa kimedhoofika, kikatumbukia Bahari ya Arabu na kupata nguvu mpya. Aliyekisahau kilipokuwa India alishangaa kukiona Suwaiq.

Na jicho likipita juu yenu, upepo ukakoma ghafla na pengine anga likaonekana, msitoke. Ukuta wa pili uko njiani, na upepo wake hutoka upande ulio kinyume na ule wa kwanza.

Kando ya vivuko vingi vya wadi zimesimamishwa nguzo zenye alama za kupimia kina. Wafundisheni watoto kuzisoma wakati wadi ni kavu, mchana, mkiwa mnapita tu na hamna haraka. Usiku wa mvua taa za gari huangaza matone yaliyo mbele, na nguzo haionekani.